Kunguru ndani ya pikseli mia: ninavyotengeneza ikoni za avata

Ikoni ya kwanza niliyojitengenezea, yaani kijipicha kinachokaa kando ya jina lako mtandaoni, ilikuwa na vitu saba ndani yake: ua la waridi, jua likizama, jina langu kwa herufi za kujipinda, nyota tatu za kumetameta, fremu ya dhahabu, kivuli chini ya fremu, na uso wangu mwenyewe umebanwa kwenye kona kama abiria wa mwisho kupanda. Nilikesha nayo. Asubuhi mdogo wangu akachungulia skrini, akauliza, "Dada, mbona umejiwekea kiraka?"

Nilinuna. Lakini nilipoitazama tena kwa ukubwa wake halisi, pikseli 100 kwa 100 (pikseli ni kiraba kimoja kidogo cha rangi kwenye picha), na mimi nikakiona kiraka. Ua na jua vilikuwa vimeungana kuwa doa moja jekundu, jina lilikuwa uzi uliosokotana, na uso wangu ungeweza kuwa wa mtu yeyote au kiazi.

Tangu hapo nimetengeneza ikoni nyingi, zangu na za watu, na ukiniuliza kazi iko wapi nitakwambia iko kwenye kukata picha. Mapambo huja baadaye, na mengi yake hurudi yalikotoka. Nitakuonyesha njia yangu kwa picha moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho: kunguru aliyetua juu ya antena, wingu la kijivu nyuma yake, nimempiga kwa simu kupitia dirishani.

Hesabu kwanza

Simu yangu hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Ukiikata iwe mraba unabaki na milioni 9. Ikoni ya 100 kwa 100 ina pikseli 10,000. Kwa hiyo kila pikseli 900 za kunguru zitasagwa ziwe moja. Unyoya mmoja mmoja, mng'ao wa shingoni, kutu ya antena, vyote vinaingia kwenye kinu na havitoki. Kinachotoka ni umbo, pamoja na rangi mbili tatu.

Kipimo hicho cha 100 kina historia. LiveJournal, mtandao ulioanza 1999, ulipokea ikoni zisizozidi pikseli 100 kila upande na uzito wa kilobaiti 40, na ndani ya kibanda hicho kidogo watu wakazua sanaa nzima ya kupamba vijipicha. Siku hizi mitandao mingi hupokea picha kubwa kuliko hiyo, ila ukishapakia, kwenye orodha ya mazungumzo picha yako bado itaonyeshwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ndiyo maana naendelea kujipima kwa 100. Na nikianza kulalamika kwamba pikseli 10,000 hazitoshi, humkumbuka Susan Kare, aliyechora ikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka 1984. Yeye alikuwa na gridi ya 32 kwa 32, viraba 1,024, nyeusi na nyeupe tu, na kikapu cha taka alichokichora kila mtu alikitambua.

Programu, na neno moja la kulizoea

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na kwa sababu kompyuta yangu imezeeka. Iliandikwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa umma 1996. Toleo la 3.0, la mwaka 2025, limenipendeza kwa jambo moja: vichujio vingi sasa hubaki juu ya leya, ukabadilisha vipimo vyake hata siku ya pili. Mwenye Photoshop atakuta humo karibu kila zana ninayoitaja. Asiyetaka kusakinisha kitu afungue Photopea ndani ya kivinjari chake. Majina ya amri nayaandika kama yalivyo kwenye skrini, maana ndiyo utakayoyatafuta kwa macho.

Neno la kulizoea ni leya. Chukulia una karatasi za plastiki angavu zilizolaliana: ya chini kabisa ina kunguru, ya pili ina rangi, ya tatu ina maandishi. Unaweza kuivuta yoyote, kuipunguza ukolezo, kuifuta, bila kuzigusa nyingine. Anayefanya kila kitu kwenye leya moja anafanana na mtu anayeshona nguo akiwa ameivaa.

Nakala, kabla hujagusa chochote

Nilikuwa na picha moja ya bibi yangu akicheka bila kujua anapigwa. Bibi hakuwa mtu wa kucheka mbele ya kamera. Niliifungua, nikaikata, nikaipunguza hadi 100 kwa 100, nikaihifadhi kwa jina lilelile, juu ya faili lilelile. Sasa kicheko cha bibi kina ukubwa wa stempu, na hakuna programu duniani itakayonirudishia zile pikseli nyingine. Ukiikuza unaona viraba tu.

Kwa hiyo: fungua picha, kisha papo hapo nenda "Save As" uihifadhi kama XCF, faili la GIMP lenyewe linalotunza leya zote. Ile ya awali usiiguse tena. Na kama picha ina mtu, mwombe ruhusa. Kama si yako, hakikisha mwenyewe ameruhusu itumike na kubadilishwa. Leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huzitumia kuwaruhusu wengine waitumie, zilianza kutolewa 2002, na kila moja inasema waziwazi kama unaweza kubadilisha kazi au la. Picha zenye alama ya CC0 hazina masharti.

Kukata

Hapa usiwe na haraka. Chagua zana ya kukata kwa Shift+C, weka alama kwenye "Fixed", chagua uwiano, andika 1:1. Sasa kila mstatili utakaovuta utakuwa mraba kamili, na kazi inayobaki ni ya jicho.

Kunguru wangu nilimkata mara tatu, kila mara kwenye nakala yake.

Mara ya kwanza nilimwacha mzima, na antena yote na wingu lote. Kwa pikseli 100 alikuwa kama koma iliyodondoka kwenye karatasi tupu. Nilidhani nitaichukia, kumbe haikuwa mbaya hata kidogo: kitu cheusi kidogo kwenye kona ya chini, mwanga mtupu juu yake. Utupu nao ni pambo. Nikaiweka pembeni.

Mara ya pili nilisogea, kunguru akajaa mraba mzima kuanzia mkia hadi mdomo. Hii ndiyo watu wengi wangeichagua, na ndiyo mbaya kuliko zote. Ndege mweusi aliyejaza fremu hana mpaka, ni tundu. Macho hayajui yashike wapi.

Mara ya tatu nikaacha mkia, nikaacha miguu, nikaacha nusu ya mgongo. Kikabaki kichwa, mdomo, jicho, na bega lililokatwa na ukingo wa chini. Mdomo unaelekea kushoto, basi nikaacha nafasi kubwa zaidi kushoto ili awe na pa kutazamia. Ndege anayegusa ukingo kwa mdomo huonekana kama amegonga ukuta. Jicho nikaliweka karibu na theluthi ya juu. Hapo akawa mtu. Yaani, kunguru.

Namna ya kujua kama umekata vizuri: fumba macho nusu mpaka kope zikutane kidogo, utazame. Ukiendelea kutambua ni nini, endelea. Ukiona ukungu wenye rangi, rudi ukakate tena. Usitarajie mapambo yaje kukuokoa.

Watu huogopa kukata. Rafiki yangu aliniletea picha ya harusi yenye watu 14 waliojipanga mstari mmoja, akitaka wote waingie. Nikampigia hesabu: pikseli 100 kugawa kwa 14 ni pikseli saba kwa kila mgeni, upana wa bega hadi bega. Hakutaka kusikia. Nikamtengenezea mbili, moja ya wageni wote na moja ya mikono ya maharusi tu, vidole vimeshikana, na sikusema neno. Alichukua mikono.

Kwenye sura ya mtu, kukata juu ya paji la uso hakuna shida kabisa. Kukata hasa kwenye kidevu au shingoni ndiko kunakotisha. Shuka hadi mabegani au panda juu ya kidevu.

Halafu kuna mduara. Mitandao mingi huikata picha yako kuwa duara bila kukuuliza. Duara linaloingia ndani ya mraba hufunika asilimia 78.5 tu ya eneo lake, kwa hiyo zaidi ya moja ya tano ya kazi yako, zile kona nne, inatupwa. Ncha ya mdomo wa kunguru wangu ilikuwa karibu na kona, ikaliwa, akabaki kama njiwa. Dawa yake ni leya ya mwongozo: chora duara linalogusa kingo zote nne, geuza uteuzi kwa "Invert", jaza nyeusi kwenye leya mpya, punguza ukolezo hadi 50%. Iache juu ya nyingine zote muda wote wa kazi, uizime mwishoni.

Kwa nini nafanyia kazi kwenye 400

Baada ya kukata, napunguza picha hadi 400 kwa 400 kwa "Scale Image". Sifanyii kazi kwenye 100 kwa sababu brashi zinakuwa kubwa kama fagio, na sifanyii kwenye 3000 kwa sababu hapo kila kitu ni kizuri na chote ni uongo. Namba 400 nimeichagua kwa kuwa 400 kugawa kwa 4 ni 100 kamili. Mstari wa fremu wenye unene wa pikseli 4 utakuwa pikseli 1 safi. Mstari wa pikseli 3 utakuwa robo tatu ya pikseli, yaani ukungu wa kijivu. Kwa hiyo vipimo vyangu vyote vya mistari huwa 4, 8, 12.

Bofya pia "New View" kwenye menyu ya View. Inakufungulia dirisha la pili la picha ileile. Dirisha moja likuze ufanyie kazi, jingine liweke kwenye asilimia 25 na ulisogeze pembeni. Dirisha dogo ndilo bosi. Likikataa kitu, kimekataliwa.

Mwanga na rangi

Picha ya siku ya mawingu huwa imepauka. Kunguru naye alikuwa na tatizo jingine, weusi usio na undani.

Kila leya ina modi, njia yake ya kuchanganyika na iliyo chini. Mbili za kuanza nazo ni Multiply na Screen. Multiply ni kama kushika slaidi mbili pamoja mbele ya taa: giza linaongezeka, na palipo peupe hapabadiliki. Screen ni kama projekta mbili zinazomulika ukuta mmoja: mwanga unaongezeka, na palipo peusi hapabadiliki. Ukielewa hivyo viwili, nusu ya mbinu zote za ikoni umezipata.

Nilirudufu leya ya kunguru kwa Shift+Ctrl+D, nikaiweka kwenye Screen. Jicho likatokea na manyoya ya shingo yakapata umbo, ila wingu likaungua likawa jeupe tupu. Hapo inakuja barakoa ya leya. Bofya leya kwa kitufe cha kulia, chagua "Add Layer Mask", anza na nyeupe, kisha paka nyeusi kwa brashi laini pale ambapo hutaki athari. Nyeusi huficha, nyeupe hufunua, kijivu hufanya nusunusu. Nikaficha wingu lote, nikamwachia kunguru mwanga wake.

Kisha nakala nyingine kwenye Soft Light, ukolezo 50%, ili weusi na weupe viachane. Ukizidisha hapa utapata picha inayopiga kelele.

Rangi sasa. Kuna mbinu ya zamani ya watengeneza ikoni ambayo sijaiacha: leya mpya juu ya zote, ijaze buluu nzito, mimi huandika nyekundu 0, kijani 0, buluu 100, kisha modi yake iwe Exclusion. Modi hii huongeza buluu palipo na giza na kuipunguza palipo na mwanga, na nyeupe iliyopungukiwa na buluu huelekea umanjano. Wingu langu la kijivu likawa kama karatasi ya barua ya zamani, na kunguru akawa na weusi wa wino wa buluu. Kwa leya moja! Nikapunguza ukolezo hadi 70% kwa sababu ilikuwa inajisifu.

Nikishafika hapo sitafuti rangi nyingine nje. Chochote nitakachoongeza, fremu au herufi, nakinyonyea rangi kutoka ndani ya picha yenyewe kwa zana ya kuchukua rangi. Rangi tatu zinatosha ikoni.

Mapambo, hatimaye

Utaona watu wakipakua mafurushi ya mikwaruzo, nyota na nuru za usiku. Mimi hujitengenezea. Nilikung'uta vumbi la chaki kwenye kitambaa cheusi, nikapiga picha kwa taa ya upande mmoja. Picha hiyo ukiiweka kwenye Screen, kitambaa kinatoweka kwa sababu ni cheusi, vumbi linabaki likielea kama nyota. Nimeitumia kwenye ikoni zaidi ya ishirini na hakuna aliyewahi kuuliza kama ni chaki. Karatasi iliyokunjwakunjwa kisha ikanyooshwa, ikipigwa picha karibu na dirisha, ni nzuri kwenye Multiply. Taa za usiku ukizipiga huku kamera haijalenga vizuri hutoa miduara laini ya rangi. Hiyo nayo ni ya Screen.

Kwa kunguru nilitumia chaki tu, upande wa kushoto alikoelekea kutazama, na kwa barakoa nikaifuta yote iliyoangukia kichwani. Chembe moja ilikuwa imetua juu ya jicho. Kwa ukubwa wa 400 ilipendeza, ilikuwa kama mng'ao wa machozi. Kwenye dirisha dogo, kunguru alikuwa na mtoto wa jicho.

Kila pambo nalipa mtihani: nabofya alama ya jicho kando ya leya, naizima, nageuka pembeni kidogo, narudi kutazama. Nisipoona kilichopungua, naifuta leya. Kwenye ikoni hii nilitengeneza leya kumi na moja. Zilizobaki ni sita.

Fremu: kwa mraba, mstari mmoja mweusi wa pikseli 4 ukingoni na ndani yake mwingine wa pikseli 4 wenye rangi ya krimu, ambazo baadaye zitakuwa moja na moja. Fremu nene ya dhahabu inakula nafasi ya picha. Pikseli 8 kila upande zinakubakizia 84 kwa 84, chini ya robo tatu ya eneo. Ikoni ikienda kwenye mduara, sahau fremu ya mraba, weka pete au usiweke kitu.

Maandishi na lugha yetu ndefu

Herufi ndogo zinazosomeka kwa ukubwa huu ni zile za fonti za pikseli, zilizochorwa kiraba kwa kiraba kwa kimo cha pikseli 8 au hapo karibu. Hizi haziandikwi kwenye 400 kisha zikapunguzwa, zitakufa. Ziongeze mwisho kabisa, picha ikiwa tayari imeshuka hadi 100, na uzime "Antialiasing" kwenye zana ya maandishi ili kila pikseli iwe imewaka au imezimika.

Sasa chukua hesabu hii. Herufi moja na nafasi yake huchukua karibu pikseli 6. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: "ninavyokukumbuka" ni herufi 16, pikseli 96, umebakiwa na mbili kushoto na mbili kulia. Ukilikata neno hilo katikati lishuke mstari wa pili, umeua neno na ikoni kwa pamoja. Kwa hiyo tafuta maneno mafupi. "Nipo" ni pikseli 24. Kunguru nilimwandikia "nakuona", herufi saba, pikseli 42, kwenye ule utupu wa kushoto, chini kidogo ya mdomo, herufi zote ndogo.

Kama maandishi hayasomeki juu ya picha, usikimbilie kivuli chenye ukungu. Kwa ukubwa huu kivuli ni uchafu. Zungushia herufi mstari wa pikseli moja wa rangi iliyo kinyume, au sogeza maandishi yaende palipo tulivu. Kipimo cha tofauti kati ya rangi ya herufi na ya nyuma yake kipo: WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote, unataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Zipo zana nyingi mtandaoni za kupima. Na ikoni nyingi hazihitaji neno lolote. Niliandika "nakuona" kwa sababu tu uso wa kunguru ulikuwa unasema hivyo tayari, na sikuweza kujizuia.

Kupunguza, kunoa, kutoa faili

Hifadhi XCF yako. Kisha tengeneza nakala ya picha kwa "Duplicate", unganisha leya kwa "Flatten Image", na uipunguze hadi 100 kwa 100. Kwenye orodha ya njia za kupunguzia mimi huchagua NoHalo. Kama mtandao wako unataka 400, ruka kupunguza, lakini maandishi yatafutie fonti nyingine iliyo nene.

Picha iliyopunguzwa hulegea kidogo. Tumia "Sharpen (Unsharp Mask)", kipenyo kisizidi 0.5, kiasi kidogo, 0.3 hivi. Ukiona mstari mweupe umemzunguka kunguru kama taa ya malaika, umezidisha.

Aina ya faili: PNG, karibu kila mara. Hesabu yake ni tamu. Pikseli 10,000, kila moja ikibeba nyekundu, kijani na buluu kwa baiti moja moja, ni baiti 30,000 kabla hata ya kubanwa. Ukiongeza uwazi ni 40,000. Kwa hiyo PNG ya ukubwa huu inaingia hata kwenye kile kikomo cha zamani cha kilobaiti 40 bila kupoteza kitu. JPEG hubana picha kwa viraba vya 8 kwa 8 na kutupa taarifa, na inapotupa unaona vumbi kuzunguka herufi na fremu, hasa zikiwa nyekundu. Pia haina uwazi, kona zako za mviringo zitajazwa rangi.

Wakati wa kutoa faili, ondoa alama kwenye kuhifadhi Exif. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, hadi kwenye dirisha lako. Sipendi kunguru awaonyeshe watu nyumbani.

Ukitaka itembee, tumia GIF, ambayo ipo tangu 1987 na bado haina zaidi ya rangi 256 kwa fremu, yaani kwa kila picha moja ya mwendo huo. Kila leya inakuwa fremu, na muda unauandika kwenye jina la leya lenyewe, kwa mfano (3000ms). Nilimpa kunguru fremu mbili: jicho wazi sekunde tatu, jicho limefumba milisekunde 120. Basi. Vitu vinavyowaka na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde ni hatari kwa wenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na kwa sisi wengine ni kero tu.

Jaribio la mwisho ni kuiweka juu ya nyeupe na juu ya nyeusi, kwa kuwa watu wengi sasa hutumia skrini ya giza. Toleo langu lenye uwazi, lile lisilo na wingu nyuma, lilimezwa kabisa na giza: likabaki jicho moja linaloelea. Nikaliwekea ukingo wa krimu wa pikseli moja kuzunguka mabega, akarudi.

Niliiweka jioni ile. Mdogo wangu akapita nyuma ya kiti, akasimama, akainama karibu na skrini.

"Dada, huyo kunguru umemkosea nini?"